Programu Zenye Vichupo: Funzo Kutoka Jambiani

Vijana wengi wa skuli zetu za sekondari siku hizi wanajifunza kuandika programu za kompyuta, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, katika kuwafundisha tumezoea kuanzia kwenye amri za lugha ya kompyuta na kuishia hapo hapo, kana kwamba programu ikishakwenda bila ya kukwama basi kazi imekwisha. Sura ya programu, yaani yale anayoyaona mtumiaji kwenye kioo na namna yalivyopangwa, tunaichukulia kuwa ni pambo la kuongezwa mwishoni, muda ukiruhusu.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo ni potofu. Mfano nitakaoutumia ni mmoja tu, nao ni mdogo: vichupo. Nimeuchagua kwa sababu uliwahi kunitia aibu mbele ya watu wanaojua kazi yao kuliko nilivyoijua yangu.

Kichupo ni nini?

Aliyewahi kuingia katika ofisi yoyote ya serikali ameona majalada yaliyopangwa kwenye kabati. Ukingoni mwa kila jalada huchomoza ulimi mdogo wa karatasi ngumu ulioandikwa jina la mambo yaliyomo ndani. Karani hahitaji kufungua majalada yote. Hupitisha macho juu ya ndimi hizo, akavuta lile analolitaka.

Kichupo cha kwenye kioo cha kompyuta ni mfano wa ulimi huo. Programu yenye vichupo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mstari wa vichwa, ambao kwa kawaida huwa juu ya dirisha. Ya pili ni rundo la kurasa zilizolaliana mahali pamoja, kila moja ikiwa na visanduku vyake vya kujaza, vitufe vyake na majedwali yake. Ya tatu haionekani: ni kipande cha programu kinachongoja tukio. Mtumiaji anapobofya kichwa, kipande hicho huuficha ukurasa uliokuwa juu na kuudhihirisha ule uliochaguliwa. Kurasa zilizofichwa hazikufutwa. Zimo katika kumbukumbu ya kompyuta pamoja na yote yaliyokwisha kuandikwa ndani yake, ila hazionekani.

Mtindo huu ulienea katika miaka ya 1990. Mfumo endeshi wa OS/2 toleo la 2.0, uliotolewa na IBM mwaka 1992, ulikuwa na kurasa zilizochorwa mfano wa daftari lenye ndimi pembeni. Windows 95 iliutumia mtindo huo katika madirisha mengi ya mipangilio. Katika miaka iliyofuata ukaingia katika programu za kusomea kurasa za intaneti, na hivi leo mwanafunzi yeyote mwenye kufungua kurasa tatu kwa mpigo anatumia vichupo, ingawa huenda hajui jina lake.

Sababu ya kuenea huku ni nyepesi kuieleza. Kioo ni kidogo na mambo ni mengi. Vichupo huwezesha mambo ya kioo vitano kuwekwa katika kioo kimoja. Lakini faida hiyo ina gharama yake, nayo ni kwamba katika vioo vitano hivyo, vinne havionekani. Kila mwenye kuweka vichupo anaamua mambo gani mtumiaji ayaone pamoja, na yepi asiweze kuyaona pamoja kamwe. Huo ni uamuzi mzito, na mara nyingi hufanywa na mtu ambaye hataitumia programu hiyo hata siku moja.

Yaliyotukuta Jambiani

Jambiani ni kijiji kirefu cha pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Makunduchi. Mbele yake kuna maji ya kina kifupi yaliyozuiwa na mwamba, na maji yanapokupwa wakati wa bamvua mtu huweza kutembea kwa miguu hadi mbali sana. Hapo na Paje ndipo kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989. Wakulima wake wengi ni wanawake. Huchomeka vigingi katika mchanga, wakafunga kamba kati ya kigingi na kigingi, na katika kamba hizo wakaning'iniza vipande vidogo vya mwani. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika, wakauza kwa kilo.

Miaka michache iliyopita mimi na wanafunzi wangu tulitengeneza programu ndogo ya kuwekea kumbukumbu za kikundi kimoja cha wakulima hao. Kikundi kilikuwa na karani na kompyuta mpakato moja iliyokwisha kutumika. Programu yetu ilikuwa na vichupo vitano: Wakulima, Mashamba, Maji, Mwani na Mauzo. Tuliiona kuwa nzuri. Ilikuwa imepangika, na kila jambo lilikuwa mahali pake.

Siku tuliyokwenda kuitazama ikitumika, nilikaa nyuma ya karani bila ya kusema neno. Alifungua kichupo cha Maji, akasoma joto la maji la bamvua lililopita, kisha akachukua kalamu na kuliandika juu ya mgongo wa mkono wake. Baadaye akafungua kichupo cha Mwani, akatazama idadi ya kamba zilizokufa, akautazama mkono wake, akarudi tena kwenye Maji. Alifanya hivyo kwa kila shamba. Aliponyanyua mkono kupangusa jasho, niliona kwamba wino ulikuwa umemfika karibu na kifundo.

Mmoja wa wakulima, mama mtu mzima ambaye amelima mwani tangu miaka ya mwanzo, alikuwa amekaa kizingitini akitutazama. Akaniuliza: "Mwanangu, haya mawili mmeyatenga kwa nini? Maji yakipata moto ndipo mwani unapokufa. Sisi hatuyasemi mbalimbali."

Sikuwa na jibu. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu nilifundishwa kuzigawa taarifa kwa aina zake, kila aina na jedwali lake, na katika kuhifadhi data utaratibu huo ni sahihi kabisa. Kosa langu lilikuwa ni kuuchukua mgawanyo wa ghalani nikaupeleka sebuleni. Kompyuta inapenda joto liwe katika jedwali moja na kamba zilizokufa ziwe katika jedwali jingine. Mkulima anataka kuyaona yote mawili kwa mtazamo mmoja.

Wala jambo hili halikuwa la starehe ya macho tu. Mwani uitwao kotonii, ambao bei yake ni ya juu kuliko ule wa spinosamu, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi ya Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kupanda kwa joto la maji ni miongoni mwa sababu kubwa. Maji yakizidi joto mwani hudhoofika, matawi yake yakawa meupe na kukatika. Wakulima wengi wamebakiwa na aina ile yenye bei ndogo. Kwa watu hao, uhusiano baina ya joto na kufa kwa mwani ndio swali lenyewe lililowafanya watake kumbukumbu. Sisi tuliweka sababu katika kichupo cha tatu na matokeo katika kichupo cha nne, kisha tukajisifu kwa mpangilio mzuri.

Kanuni ya kugawa

Tulirudi mjini tukaigawa upya programu ile. Safari hii hatukuuliza taarifa ni za aina gani; tuliuliza zinahitajika wakati gani na katika kazi ipi. Vichupo vitano vikawa vitatu: Bamvua, Kuanika na Kuuza. Katika Bamvua yamo yote yanayotazamwa siku za kwenda shambani: tarehe, shamba, joto la maji, kamba zilizopandwa, kamba zilizokufa. Katika Kuanika umo uzito wa mwani mbichi na wa mkavu, kwa safu mbili zinazokabiliana. Katika Kuuza zimo kilo, bei na malipo. Majedwali ya ndani hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kile kinachoonekana.

Kutokana na hayo napendekeza kanuni tatu ambazo mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake.

Kwanza, mambo yanayolinganishwa sharti yakae katika ukurasa mmoja. Akili ya binadamu hushika kwa muda mfupi mambo machache tu. Mwanasaikolojia wa Marekani George A. Miller aliandika juu ya kikomo hicho mwaka 1956, na makala yake hutajwa hadi leo. Kila tarakimu anayolazimika mtu kuibeba kichwani kutoka kichupo hadi kichupo ni mzigo, na ni mlango wa makosa. Ukiona mtumiaji anaandika mkononi au pembezoni mwa daftari, usimlaumu. Itazame programu yako.

Pili, vichupo vifuate hatua za kazi au mahali pa kazi, kwa mfuatano anaoujua mwenye kazi. Mkulima wa mwani hahitaji kuelezwa kwamba Kuanika huja baada ya Bamvua.

Tatu, pasifichwe kosa. Mara nyingi mtumiaji hubofya kitufe cha kuhifadhi akiwa katika kichupo cha mwisho, na programu ikakataa kwa sababu ya kisanduku kilichoachwa wazi katika kichupo cha kwanza. Yeye haoni kosa lolote mbele yake. Anaona ukaidi wa mashine. Katika hali hiyo programu haina budi kumfungulia ukurasa wenye kosa na kumwonyesha kisanduku chenyewe.

Programu moja, kompyuta za kila namna

Yafaa sasa niseme juu ya jambo la pili linalozihusu skuli zetu moja kwa moja. Ukipita katika vyumba vya kompyuta utakuta mashine za kila namna: nyingine mpya, nyingine za msaada zilizokwisha kutumika miaka mingi, nyingine zina Windows, nyingine Linux, na mara chache utaona moja ya Apple. Mwanafunzi akiandika programu inayokwenda katika namna moja tu ya mashine, amejenga ngalawa inayoelea katika ghuba moja. Kwa hiyo ni busara kutumia zana zinazofanya kazi katika mifumo endeshi mbalimbali.

Zana hizo zipo, na nyingi hupatikana bila ya malipo. Lugha ya Python, iliyotolewa hadharani na Guido van Rossum mwaka 1991, huja na zana za madirisha ziitwazo Tk, zilizoanzishwa na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika baadhi ya matoleo ya Linux huna budi kuziongeza peke yake. Humo vichupo hutengenezwa kwa kijenzi kiitwacho Notebook. Katika Qt, zana zilizoasisiwa Norway, kijenzi cha namna hiyo ni QTabWidget. Katika Java ni JTabbedPane. Majina ni mbalimbali lakini kazi ni ile ile niliyoieleza: unaunda rundo, unaunda kila ukurasa, unauongeza ukurasa katika rundo pamoja na kichwa chake.

Hata hivyo, zana haziondoi tofauti zote za mashine. Fonti si moja, na kwa hiyo upana wa neno lile lile si mmoja. Vichupo vya Qt katika Windows hupangwa kuanzia kushoto. Katika mashine za Apple huwekwa katikati. Mwanafunzi anayepima mahali pa kila kitu kwa hesabu ya pikseli atapata sura nzuri katika mashine yake na maneno yaliyokatika katika mashine ya jirani. Dawa yake ni kuiachia programu kazi ya kupanga: useme tu kwamba kisanduku hiki kikae chini ya kile na kipanuke kadiri dirisha linavyopanuka. Aidha, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, na Windows kwa kawaida haitofautishi. Faili likiitwa «Mwani» mahali pamoja na «mwani» mahali pengine, programu itakwenda huku na kukwama kule.

Yako pia ya mikono. Panya za kompyuta za skuli huharibika upesi, na wako wanafunzi wasioweza kuzitumia kwa sababu ya ulemavu. Kwa hiyo kila kichupo kiweze kufikiwa kwa vibonye peke yake. Katika Tk huduma kamili ya kuhama kutoka kichupo hadi kichupo, popote mtumiaji alipo katika dirisha, haiji yenyewe. Sharti mwandishi wa programu aiombe kwa amri moja. Ni amri ya mstari mmoja, nayo huamua nani ataweza na nani atashindwa.

Maneno ya vichwa

Kichwa cha kichupo kina nafasi ya neno moja, pengine mawili. Hapo ndipo lugha inapopimwa. Tumezoea kufikiri kwamba Kiswahili kinafaa kwa kueleza programu lakini si kwa kuandikiwa programu. Mambo yaliyokwisha kufanyika yanakanusha hayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, lililoitwa Jambo OpenOffice. Hata neno «kichupo» lenyewe linatumika leo katika toleo la Kiswahili la programu ya Chrome, ambamo mtu hufungua «kichupo kipya».

Ni kweli kwamba maneno yetu mara nyingine ni marefu. Neno la Kiingereza lenye herufi nne huweza kuwa na herufi tisa kwa Kiswahili, kama vile «Mwonekano». Lakini hiyo ni sababu ya kutobana vichwa kwa kipimo maalumu; si sababu ya kuiacha lugha. Zaidi ya hayo, tulipoacha kutafsiri na kuanza kusikiliza, urefu ulipungua. Neno «Bamvua» lina herufi sita. Ndani yake kuna mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kuna kupwa na kujaa, kuna siku ambazo mtu huweza kufika shambani na siku ambazo hawezi. Sijui neno la Kiingereza la urefu huo ambalo lingemwambia karani yule yote hayo. Mabaraza yetu ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yanafanya kazi ya kusanifu istilahi, nasi walimu tunapaswa kuzitumia. Lakini maneno ya kazi yako tayari kwa wenye kazi, nayo huokotwa kwa kwenda kuyasikia.

Tufanye nini madarasani?

Nawapendekezea walimu zoezi ambalo halihitaji umeme wala kompyuta. Wanafunzi wachague kazi moja inayofanywa karibu na skuli: duka la ushirika, maktaba, shamba la mboga, mnada wa samaki. Waende wakakae na mwenye kazi kwa saa moja wakiandika kila anachokitazama na anachokitazama pamoja nacho. Kisha wachukue karatasi ngumu, wakate ndimi, wapange kurasa. Karatasi hizo wampelekee mwenye kazi azitumie mbele yao kwa dakika kumi. Asielezwe chochote. Kila mara anaporudi nyuma kutafuta tarakimu, itiwe alama. Alama zikiwa nyingi, kurasa zigawanywe upya. Baada ya hapo tu ndipo waende kwenye kompyuta.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba muhula ni mfupi na mtihani hauulizi mambo haya. Ni kweli, lakini zoezi hili huchukua vipindi viwili au vitatu, na mwanafunzi aliyelifanya huelewa kwa nini anaandika amri anazoziandika. Ya pili husemwa zaidi vyuoni kuliko maskulini: kwamba mtumiaji atazoea. Pingamizi hii nimewahi kuitoa mimi mwenyewe. Bila shaka karani wa Jambiani angezoea. Angeendelea kuandika mkononi kwa miaka, na sisi tungeendelea kusema kwamba programu yetu inatumika. Lakini siku moja angenakili tarakimu ya shamba moja kwenye shamba jingine, na mtu aliyesimama majini tangu alfajiri angeshauriwa kuhamisha kamba zisizohitaji kuhamishwa.

Taifa linahitaji vijana wenye kuandika programu, na litawapata. Ombi langu kwa walimu ni kwamba vijana hao, kabla ya kuamua nini kiwekwe mbele na nini kifichwe, wamuulize kwanza yule ambaye kazi ni yake. Sisi tulikwenda kumuuliza baada ya kumaliza, na programu ikatubidi tuitengeneze mara mbili.